Kambi ya likizo kwa mtoto aliyevuka miaka 12: bahari, kompyuta au hema?

"Mama, kambi ya watoto mie siendi tena."

Alisema akiwa mlangoni, viatu mkononi, mchanga ukimwagika kwenye sebule niliyotoka kuifagia. Ilikuwa Agosti, kijana wangu ana miaka 14, na mimi nimeshalipa wiki mbili kwa M-Pesa, pesa zisizorudi. Nilimkasirikia. Siku ya tatu nikaomba ruhusa kazini nikaenda kuchungulia mwenyewe. Nikamkuta chini ya mti wa mkungu, amekunja magoti kwenye kiti kidogo cha plastiki, masharubu yameanza kuchomoza, anapaka rangi picha ya kasa. Kulia kwake mtoto wa miaka sita anamvuta shati apelekwe chooni. Tangazo lilisema "miaka 6 hadi 16". Halikudanganya, wote walikuwapo.

Kosa lilikuwa langu. Nilichagua kwa kusoma orodha ya shughuli: kuogelea, sanaa, roboti, upishi, mpira, densi, yote ndani ya siku tano. Mtoto wa miaka minane orodha hiyo humtosha. Wa miaka 14 anataka mambo mawili ambayo orodha haiyataji: apate kitu kimoja akijue kweli, na apewe kazi ambayo asipoifanya, watu watalala njaa au watalowa. Tangu siku ile, kila kambi naipima kwa mizani hiyo. Nina huyo wa kiume na mdogo wake wa kike mwenye miaka 13, na likizo baada ya likizo tumejaribu za aina nyingi kuanzia Mtwapa hadi Kwale. Nitakayosema ni ya mama wa Kisauni, Mombasa, anayekwenda kazini kila siku, si ya mwenye dereva.

Kabla ya kambi, linganisha likizo

Kambi hizi za Julai na Agosti tumeziiga kwa nchi ambazo huo ndio msimu wao wa joto. Hata hapa Mombasa, shule zinazofuata mtaala wa Uingereza hufunga muda mrefu wakati huo, na kambi nyingi hupangwa kwa kuwafuata wao. Lakini kwetu Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi, na ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Nje ya mwamba bahari inachafuka, maji yanatibuka, na mwani hurundikana ufukweni. Mwenye kambi akikuahidi Agosti kwamba mtoto ataona samaki wa kila rangi, muulize ni siku ngapi kati ya kumi.

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishaingia, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Maji hutulia na kuwa maangavu. Adui hapo ni jua: kuanzia saa tano mchana hadi saa tisa mtoto hafai kuwa mchangani bila kivuli, na kambi isiyokuwa na banda la maana usiipelekee mtoto Desemba.

Kwa hiyo mimi bahari naiweka Desemba. Agosti naiachia hema na misitu, maana kuna upepo na mtoto hulala bila kuloa jasho. Aprili ni masika, hema litavuja na barabara za Kwale zitakuwa tope. Hapo ndipo kambi ya ndani, ya kompyuta au sanaa, inapopata maana yake. Wazo rahisi hilo, lakini limeniokolea pesa nyingi kuliko kupatana bei kokote.

Ukiangalia kalenda ya shule zetu pia, Agosti ni wiki kama tatu tu. Toa siku za madrasa, toa safari ya kwa nyanya, toa siku za sare na daftari, na iliyobaki ni wiki moja. Likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo ndefu, karibu miezi miwili, na hiyo ndiyo inayobeba kambi ya kujifunza kitu kwa mfululizo. Usijaribu kufinya kozi ya wiki tatu ndani ya Agosti.

Kuna swali moja ninaloliuliza kila kambi ya bahari, na jibu lake hunitosha: "Ratiba yenu ya kuingia majini inafuata nini?" Kambi inayoandika "kuogelea baharini saa nne asubuhi" kila siku kwa wiki mbili haiijui bahari. Maji hujaa na kupwa, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa petu hupita mita tatu. Saa nne ya leo mtoto ataogelea; saa nne ya wiki ijayo atakuwa akitembea juu ya mawe pale Bamburi, anatafuta maji kwa macho na kukanyaga miba. Mwalimu anayejua kazi yake atatoa simu na kukuonyesha jedwali la maji. Asiyejua atakwambia, "Usijali, mama."

Ya kutwa na ya kulala

Kambi ya kutwa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, ndiyo tuliyoizoea. Faida zake zinajulikana: mtoto analala kwake, unaona uso wake kila jioni, na mambo yakienda kombo unamtoa kesho yake. Kwa mtoto mkubwa kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi huiona ni usumbufu, nayo ni njia. Msichana wangu alijifunza kupanda matatu peke yake kutoka Mlaleo hadi Nyali na kurudi kwa sababu ya kambi. Siku ya kwanza nilimfuata kwa siri, nimekaa kiti cha nyuma na buibui langu. Alinijua kabla hatujafika Kongowea, akajifanya hanijui mpaka mwisho wa safari.

Udhaifu wa kambi ya kutwa ni kwamba saa kumi na moja jioni tayari ana simu mkononi, na urafiki ulioanza mchana umezimika. Kila asubuhi mnaanza upya: amka, oga, sitaki, tumbo laniuma.

Ya kulala ni jambo lingine. Nimeona kwa wangu wote wawili kwamba siku mbili za mwanzo huwa za kununa na kuwaza nyumbani. Siku ya tatu ndipo mtoto anaanza kuwaambia wenzake "tufanye hivi". Ndiyo maana safari ya kulala siku mbili mimi siihesabu kuwa kambi. Ni matembezi yenye magodoro. Ukiamua kulipia kulala, lipia angalau siku nne.

Shimba Hills ndiko ninakokupenda kwa hili. Ni kule Kwale, kama kilomita 30 kutoka mjini, na sasa kuna barabara ya Dongo Kundu kwa asiyetaka foleni ya feri ya Likoni. Ukipanda kule juu hewa hubadilika, unatafuta sweta ambalo Mombasa huna. Kuna ndovu, na kuna palahala, swara mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma ambaye Kenya nzima yuko hapo tu. Kwenda kwenye maporomoko ya Sheldrick watu hushuka kwa miguu wakiongozwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Mtoto wa miaka 14 akiambiwa "nyamaza, fuata nyayo zangu" na mtu wa namna hiyo, hunyamaza. Mie nimejaribu miaka yote, sijafaulu.

Kwa kutwa, kinacholingana na hicho ni Haller Park, bustani ya wanyama na miti pale Bamburi. Watoto wakubwa husema wameshakwenda na darasa la pili, wameshamwona kobe. Lakini inategemea nani anawaongoza. Binti yangu alirudi na hadithi ya jongoo. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ilishika, lakini majani yake yalirundikana chini bila kuoza, mpaka jongoo walipoletwa wakaanza kuyala na kuyageuza udongo. Aliniuliza kwa nini shuleni wanawaua jongoo kwa chumvi. Kambi iliyompeleka iliwapa saa mbili nzima na mwongozaji mmoja, bila kukimbizana na basi. Nyingine ingewapitisha kwa dakika 40 na kuwanunulia soda.

Usiku: hapa usiwe na haya

Naligusa hili polepole kwa sababu ndilo watu hulipita haraka. Ukiwa unapeleka mtoto wa miaka 13 au 15 akalale kwingine, swali la kwanza si chakula. Ni nani analala wapi, na nani anakaa macho.

Nauliza kama wavulana na wasichana wako majengo tofauti au ni pazia tu. Nauliza kama kuna mwanamke mtu mzima upande wa wasichana, si dada wa miaka 19 aliyemaliza shule mwaka jana. Nauliza mtu mzima anaingiaje chumba cha watoto usiku, na jibu ninalolitaka ni "haingii peke yake". Nauliza wafanyakazi wote, pamoja na dereva na mpishi, kama wana cheti cha tabia njema cha polisi. Kinaombwa kwa eCitizen na ada yake ni shilingi 1,050. Kambi inayolipisha maelfu kwa kila mtoto haiwezi kuniambia imeshindwa na hiyo.

Halafu simu. Kambi nyingi huzikusanya, nami naunga mkono, lakini kwa sharti kwamba kuna saa ambayo mtoto anaweza kunipigia bila mwalimu kusimama karibu yake. Nyumbani tulikubaliana neno: akiniuliza "Paka amekula?" ninakwenda kumchukua bila kuuliza kwa nini. Paka hatuna. Halijatumika bado. Na namba 116, ya msaada kwa watoto, isiyolipishwa na inayopokelewa usiku na mchana, wote wawili wanaijua kwa moyo.

Usiuone huu kuwa ukorofi. Kambi nzuri hufurahia maswali haya. Moja iliniambia, "Mama, sisi ni kama familia hapa," ikaishia hapo. Nikashukuru, nikaondoka.

Bahari na kompyuta

Tukirudi kwenye mafunzo yenyewe, mvutano mkubwa kwa watoto wa umri huu ni huo: wiki ya bahari au wiki ya kompyuta.

Mimi nimezaliwa Majengo, nimekulia kisiwani, na sijui kuogelea. Tuko wengi. Kwa hiyo nina upendeleo na nakiri: mtoto wa Mombasa asiyejua kuogelea, mpeleke kuogelea kwanza, hayo mengine yatafuata. Aanze kwenye bwawa, msimu wowote, hadi aweze kuelea na kuvuka bwawa bila kugusa chini. Baadaye ndiyo aende baharini kwenye hifadhi ya Mombasa Marine, iliyotengwa tangu 1986 pale mbele ya Nyali na Bamburi, au kusini zaidi Kisite, kwa miwani na mrija. Na akiweza kupata mafunzo ya tanga kwenye maji yaliyojikinga kama ya hori la Mtwapa, bora zaidi. Kuendesha chombo kwa upepo ni kazi ya aina ile niliyoitaja mwanzo: ukizembea, chombo kinakuambia papo hapo.

Majini sitaki zaidi ya watoto wanane kwa mtu mzima mmoja, na huyo mtu mzima awe majini au amesimama ukingoni akitazama maji. Nimeshafika kambi moja nikahesabu vichwa 22 baharini na walimu wawili mchangani, mmoja akipiga gumzo kwenye simu. Jaribu pia maboya ya kuvaa. Mengi ni ya watoto wadogo. Mpe wako avae, fungo lifungwe mbele yako. La mwanangu halikufika kifuani, naye si mnene.

Kwa wasichana kuna swali la zaidi. Niliahidiwa mwalimu wa kike na saa za wasichana peke yao. Siku ya kwanza binti yangu amevaa vazi lake la kuogelea la stara, amesimama ukingoni, mwalimu anayemngojea majini ni mwanamume. "Bi mwalimu amesafiri." Alirudi bila kulowa, na wiki hiyo ikapotea. Sasa siulizi kama wana mwalimu wa kike. Nauliza jina lake, nazungumza naye mwenyewe kwenye simu, na nauliza akiugua nani anashika nafasi yake. Palipo na mwalimu wa kweli mambo huenda. Desemba iliyopita binti yangu alivuka bwawa mara nne bila kupumzika, akaniuliza mimi naanza lini.

Kompyuta. Chumba chenye AC, intaneti, watoto wawili kwa mashine. Hapa kipimo changu ni kimoja: mwisho wa wiki mtoto anatoka na nini alichokitengeneza mwenyewe? Kambi mbaya huwapa wote programu ileile ya kunakili, wakitoka wote wana mchezo wa nyoka unaofanana. Nzuri huwauliza siku ya kwanza, "Nyumbani kwenu kuna shida gani?" Wangu aliandika programu ndogo ya kugawa zamu za kuosha vyombo. Ikizungushwa, jina lake halitoki. Mwalimu wake alisema msimbo ni safi kabisa, nami sina elimu ya kubishana.

Tofauti kati ya hizi mbili haiko kwenye ipi ni ya kisasa. Mtazame mtoto. Anayekaa saa tano kwa siku mbele ya kioo nyumbani, usimlipie kiti kingine cha kukalia, hata kama kinaitwa teknolojia. Lakini yule mpole asiyeweza mpira, anayenyamaza kwenye kundi, mara nyingi chumba cha kompyuta ndiko anakopata kwa mara ya kwanza watu wanaozungumza lugha yake. Mjini, karibu na Fort Jesus, kuna Swahilipot, kitovu cha vijana wa teknolojia na sanaa. Uliza pale wana nini kwa likizo kabla hujalipa kwingine.

Kambi za utamaduni na Mji wa Kale nitazipita haraka. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kila mtoto wa hapa ameshaiona na karatasi ya maswali mkononi. Kwa mkubwa, ziwe za kushika patasi au kushona kofia na fundi. Zikiwa za kutembezwa tu, hapana.

Zile zisizo na matangazo

Kambi ambayo imembadilisha kijana wangu hasa haikuwa na bango wala fulana. Ilikuwa ya skauti.

Skauti wako Kenya tangu 1910, na ngazi zao zinajua umri: Sungura kwa wadogo, Chipukizi wanaofuata, kisha Mwamba kwa wale wa miaka kama 15 hadi 18. Hapo hakuna wa miaka sita wa kukuvuta shati. Watoto hugawanywa kwa vikundi vidogo, na kiongozi wa kikundi ni mtoto mwenzao. Wao ndio wanaosimika hema lao, ndio wanaopika. Mwanangu aliandikiwa zamu ya wali usiku wa kwanza: chini ukoko mweusi, juu punje mbichi, katikati kama viganja viwili vilivyoiva. Watoto saba, na hakuna chakula kingine. Aliniambia walikula wote, wakimtazama. Usiku wa tatu aliomba zamu irudi kwake, na wali ukaiva. Aliporudi nyumbani alifungua kamba yangu ya kuanikia nguo, iliyokuwa ikilegea kila wiki, akaifunga upya kwa fundo alilofundishwa. Naning'iniza mablanketi maji yakiwa yanatiririka, haijashuka hadi leo.

Ikilinganishwa na kambi za kulipia, hiyo ni rahisi mno kwa pesa. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuingia wiki ya kambi tu; mtoto anatakiwa awe mwanachama, ahudhurie mikutano mwaka mzima. Vivyo hivyo kwa Tuzo ya Rais, iliyoanza nchini mwaka 1966. Kijana huanza akiwa na miaka 14, ngazi ni shaba, fedha na dhahabu, na ndani yake kuna huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya porini. Ngazi ya shaba peke yake huchukua miezi sita kwa uchache. Si ya mzazi anayetafuta mahali pa kumweka mtoto wiki ijayo. Anza kwa kuuliza shuleni kwake, kwa sababu huenda wanayo na hakuna aliyekuambia.

Za mikoko nazo nazipenda, kwa tahadhari. Gazi, kusini ya hapa, kuna Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji uliozinduliwa 2013 ambao huuza hati za hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko yao kwa wanaotaka kufidia moshi wao, na mapato hurudi kijijini. Mtoto mkubwa anaweza kuelewa hesabu hiyo, na kuelewa ndiko kunakofanya tope la magotini livumilike. Tahadhari yenyewe: ziko safari za mikoko ambazo watoto hupanda miche kumi na kupigwa picha mia. Uliza nani anarudi kuitazama ile miche mwezi unaofuata.

Kambi za msikiti na za kanisa huwa nafuu na wasimamizi tunawajua. Ustadhi ni jirani, mwalimu wa vijana ni mtoto wa fulani. Wangu wamekwenda na wakarudi vizuri. Lakini yale maswali ya usiku yanawahusu nao, na aliye mwema hatakasirika kuulizwa.

Na kuna ile nyingine: "kambi" yenye hisabati saa mbili, kemia saa nne, na mpira Ijumaa jioni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Hayo ni masomo yaliyovalishwa kofia ya jua.

Hesabu ya pesa

Usilinganishe bei ya wiki kwa bei ya wiki. Linganisha saa. Tuseme moja inadai shilingi 8,000 kwa siku tano na nyingine 12,000. Ya kwanza ina shughuli saa mbili kwa siku. Zilizobaki ni kusubiri zamu, chakula na filamu. Hizo ni saa kumi, shilingi 800 kila saa. Ya pili ina saa nne, yaani shilingi 600. Halafu ongeza kisichoandikwa: nauli ya kwenda na kurudi, fulana ya lazima, viingilio vya mbuga, mtumbwi wa siku ya mwisho. Chakula pia. Mtoto wa miaka 15 hashibi kwa mkate wenye siagi. Jioni ataingia vibandani kununua viazi karai kwa pesa zako.

Na usilipe yote kabla ya kwenda kuona kambi ikiwa kazini. Nenda bila kuaga, saa nne asubuhi, siku ya tatu ya kundi lililotangulia. Siku ya kwanza kila kambi imefagiwa.

Nani aende wapi

Kwa miaka 12 na 13, mimi ningechagua ya kutwa yenye ujuzi mmoja, Desemba, na ya kuogelea iwe ya kwanza. Umri huo bado wanakubali kufundishwa bila kuona aibu mbele ya wenzao. Kwa 14 na 15, kulala, na kazi ya kweli: skauti, Shimba, mikoko. Huo ndio umri ambao nyumbani kila neno ni ugomvi, na kambini mtu baki akimwambia jambo lilelile anaitikia.

Wa 16 na 17, sitoi shilingi. Mtoto wa umri huo asiwe mteja wa kambi, awe msaidizi. Kambi nyingi zinahitaji mtu wa kubeba vifaa, kuhesabu vichwa vya wadogo, kugawa maji. Kijana aandike mwenyewe ujumbe wa kuomba nafasi, aende mwenyewe kuonana nao. Akikataliwa mara mbili, ya tatu atajifunza kuandika vizuri.

Mwaka huu wangu wa kike amechagua tanga, Desemba. Kaka yake, ambaye sasa ana 16, alikwenda kuomba kazi ya usaidizi kwenye ileile kambi ya mkungu na vile viti vya plastiki. Nilimuuliza kwa nini pale. Akasema atawaambia wawatenge wakubwa na wadogo, na wakikubali, yeye atachukua wale wadogo, kwa sababu anajua choo kiko wapi.